Redio Inashika kwa Jirani

Mimi si mtu wa kutoka. Hapa mtaani kwetu Shari, mjini Bunia, watu wananijua kwa moshi kuliko kwa sura. Wakiona moshi wa tanuri langu unapanda nyuma ya ua wa matete, wanajua niko, na kwa kweli niko siku zote. Naoka mkate. Mke wangu ndiye anayeubeba sokoni, na ndiye anayejua nani amefiwa, nani ameposa, samaki wa Tchomia wamefika au bado, barabara ya Niania inapitika au matope yameifunga. Mimi ninachojua ni kama unga umeumuka. Nikiulizwa kwa nini sitoki, nasema tanuri haliachwi peke yake. Ni sababu nzuri. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini sitoki hata siku ambazo tanuri limepoa.

Sasa mtu wa namna hiyo akishikwa na wivu, ni taabu. Mwenye wivu wa kawaida anavaa viatu, anafuata, anachungulia kwenye kona. Mimi wivu wangu ilibidi niufanyie kazi nyumbani.

Ulianza na redio. Redio yetu tulipewa siku ya harusi, na kwetu redio ya harusi haitoki saluni, yaani chumba cha wageni. Inakaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, ili mgeni akiingia aione kabla hajakuona wewe. Kuipeleka nje uani, kati ya kuku na kuni, ni kuwaambia majirani kwamba saluni huna. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Ni jambo tu ambalo nyumba yenye heshima hailifanyi.

Mke wangu alikuwa na kipindi chake kimoja: salamu za siku ya posho, ndiyo Jumamosi, alasiri. Mdogo wake wa kiume anachimba dhahabu msituni, mbali kupita Niania, mahali ambapo simu haishiki. Akimpata dereva wa pikipiki anayekuja Bunia, anamwambia maneno machache ayafikishe kwenye redio, na mtangazaji anayasoma. Mke wangu naye humrudishia habari za nyumbani kwa madereva haohao. Huko mashimo huanguka. Kwa hiyo mke wangu hakuwa anasikiliza salamu kama watu wanavyosikiliza muziki. Alikaa mbele ya kabati mikono mapajani, akingoja mtu mmoja asemwe kuwa ni mzima. Akisemwa, usiku ule tulikula vizuri. Asiposemwa, tulikula kimya, na yeye akaanza kuingoja posho nyingine.

Halafu nikajenga paa.

Miaka yote nyumba yetu ilikuwa ya manyasi, na mimi nilikuwa natamani nyumba inayofungika. Anayeshinda ndani ndiye anayejua nyumba yake inavuja wapi. Tulipoweza, niliweka bati juu. Sikuishia hapo. Nikaweka mlango wa chuma. Nikatoa vibao vya madirisha, nikaweka vya bati pia. Fundi aliniambia, “Papa, dirisha ya mbao bado muzima.” Nikamwambia aendelee tu. Jioni ile nilifunga kila kitu, nikakaa saluni katika giza safi, nikajisikia kama karanga ndani ya ganda lake.

Posho iliyofuata redio iliwashwa, ikatoa sauti ya mafuta yanayokaangwa. Shhh. Mbali sana ndani ya shhh ile kulikuwa na mtu anayeongea kama amefunikwa blanketi.

“Baba watoto,” mke wangu akasema, “tangu hii bati ifike, redio iko nakufa.”

“Redio haiogopake bati,” nikasema. “Ni poste yao ya kutangazia imechoka. Watu wote wanasema vile.”

“Watu gani? Weye unaonaka watu?”

Nilikuwa nimejivuna mno na bati lile kuanza kulishtaki wiki ya kwanza. Yeye akajifunga kitenge, akatoka, akaenda kwa jirani.

Huyo jirani ni mfanyabiashara aliyehamia kutoka Butembo. Mke na watoto wake bado wako kule, wanasubiri shule ziishe. Ana butike ya mbao ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya ua wetu, na juu yake ametandika shiti la plastiki. Anauza sabuni, chumvi, maziwa ya unga, betri. Redio yake anaiweka kaunta, katikati ya sabuni, bila kitambaa wala aibu. Na redio ile inasema! Inasema mpaka mimi naisikia nikiwa tanurini. Chini ya shiti lile kuna benchi, na kwenye benchi wanakaa wanawake wa mtaa.

Kupitia matete niliona vizuri kabisa. Mke wangu alipofika, yule bwana alitoka nyuma ya kaunta, akachukua kitambaa begani, akapangusa benchi. Akapangusa mahali pale ambapo mke wangu angekaa. Wengine walikuwa wamekwisha kukaa kwenye vumbi lao, hakuna aliyewapangusia.

“Mama Mukate, karibu! Kaa hapa, hapa sauti inafika muzuri.”

Mama Mukate! Mkate ni wa nani?

Siku ile niliunguza tanuri zima. Mke wangu aliporudi alikuta mikate myeusi imepangwa juu ya meza kama matofali.

“Nini hii?”

“Ni moto. Ulikuwa mukali.”

“Kaka yangu mudogo iko muzima,” akasema, akacheka peke yake, akaanza kukwangua mkate kwa kisu. Furaha yote ile, na ilipatikana kwa jirani.

Ikawa hivyo kila posho. Alasiri anajifunga kitenge kile kizuri. Nikimuuliza kwa nini kile kizuri, anasema, “Sasa niende na kibaya kwa watu?” Akirudi ana maneno mdomoni: voisin, ndiye jirani, alisema hivi, voisin alituchekesha hivi. Na mimi niko pale, unga mpaka kwenye nyusi, nasema, “Aa, kumbe,” kwa sauti ya mtu aliyebanwa kidole mlangoni.

Nilisoma mpaka nikamaliza sekondari. Si elimu kubwa, lakini inatosha kumfanya mtu awe na wivu wenye hesabu. Nikiwa tanurini, nilimkumbuka mwalimu wetu wa fizikia. Siku moja alileta sumaku, akaiweka chini ya karatasi, akanyunyiza juu yake unga wa chuma kutoka kwa mafundi wa kuchomelea. Unga ukajipanga wenyewe kwa mistari, kama nywele zilizochanwa. Akasema kile tunachokiona kinaitwa champ. Vitabu vya Kiswahili vinasema uga. Kisha akapuliza unga wote ukamwagika, karatasi ikabaki nyeupe.

Mimi nikanyoosha kidole. “Mwalimu, champ imeenda wapi?”

“Haikuenda,” akasema. “Iko pale pale. Ni weye njo hauione.”

Ndipo akatueleza kwamba nguvu ya uga ni habari ya mahali. Huulizi sumaku ina ukubwa gani. Unauliza: hapa, kwenye nukta hii, kitu kidogo kikiwekwa kitasukumwa kiasi gani? Jibu liko pale hata kama hakuna aliyeweka kitu. Na redio ni vilevile, alisema. Mnara unatupa uga wake mjini kote, juu ya watu wenye redio na wasio na redio. Mahali penye uga wenye nguvu, redio ndogo itasema. Mahali penye uga mdogo, leta redio ya mtu mkubwa, itakoroma tu. Na ukienda mbali mara mbili na mnara, uga unabaki nusu.

Nililikumbuka somo lile, nikafanya hesabu yangu. Mnara uko kule kilimani. Kati ya butike ya yule bwana na nyumba yangu kuna ua wa matete na barabara, basi. Umbali ni mmoja. Mahali ni pamoja. Kwa hiyo uga kwake na uga kwangu ni uga mmoja.

Basi, kama uga ni mmoja, tofauti iko wapi? Labda ni redio. Nikaagiza betri mpya, shhh. Nikaazima redio kubwa ya kaka yangu, ile yenye mkono wa kubebea, nikaiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa. Shhh, ila kwa sauti kubwa zaidi. Redio mbili zimekataa. Uga ni uleule. Kilichobaki ni yule bwana mwenyewe.

Hapo ndipo elimu yangu iliponifikisha. Nilithibitisha kwa fizikia kwamba mke wangu havutwi na redio.

Nilianza kuwa mtu mbaya, lakini kwa namna ya mtu wa nyumbani. Nilipunguza urefu wa matete ili nione vizuri, halafu nikalalamika kwamba wapita njia wanatuangalia. Niliacha kunywa maziwa yaliyonunuliwa kwake. Mtangazaji naye nikamchukia, na yule sikuwahi kumwona hata kwa mbali. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekula asali na hana haraka ya kumeza. Posho moja nikasema, “Leo usiende. Nina homa.”

Akanigusa paji la uso kwa nyuma ya mkono. “Ni joto ya furu hii,” akasema, akilionyesha tanuri. “Nikikaa, nani ataniambia kama mutoto ya mama yangu iko muzima? Weye?”

Akaenda. Alikuwa na haki, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Mwishowe mambo yalifunguliwa na fundi wa redio. Stesheni ilikuwa imebadilisha antena, ikamtuma fundi apite mtaa kwa mtaa apime. Alifika na miwani ya jua, nguzo ya kukunjua yenye antena juu, na kisanduku chenye kioo cha namba. Alisimama kwanza kwenye butike, bila shaka. Kila kitu kilisimama kwanza kwenye butike. Wanawake wakamzunguka. Akainua nguzo, akaizungusha kidogo kidogo, akaangalia kisanduku.

“Soixante-deux,” akatangaza, yaani sitini na mbili. “Champ ni muzuri sana hapa.”

Wakapiga makofi. Yule bwana akainamisha kichwa na kutabasamu kama mtu aliyesifiwa chakula alichokipika mwenyewe. Uga wa mnara wa watu, anasifiwa yeye!

Sikujua kama nina sauti kubwa hivyo. “Na hapa?” nikapaza juu ya matete. “Mupime na hapa!”

Wote wakageuka. Mke wangu akaweka mkono mdomoni. Nafikiri walikuwa hawajawahi kuniona kutoka kifua kwenda juu.

Fundi akaingia uani, akasimamisha nguzo karibu na tanuri. Mimi nilisimama wima kama mwanafunzi anayengoja pointi zake.

“Soixante-cinq,” akasema. Sitini na tano!

“Ngapi?”

“Soixante-cinq, papa.”

“Sema na nguvu kidogo. Inashinda ya kule?”

“Inashinda. Hapa muko juu kidogo ya barabara, na hakuna kintu mbele.”

Sijawahi kupata alama kama ile maishani, na katika fizikia ndiyo kabisa. Niliangalia upande wa butike. Niliangalia kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nilikuwa na uga kuliko yeye!

“Sasa mupime na ndani,” akasema mke wangu. Alikuwa amerudi bila mimi kuona, amesimama mlangoni.

Fundi akakunja nguzo, akaingia saluni, akaikunjua. Kwanza alifikiri kisanduku kimeharibika. Akakipiga kofi. Akapiga hatua kwenda dirishani, akarudi. “Quarante… trente-huit… Eh!” Namba ilikuwa imeanguka mpaka thelathini na nane. Akainua macho kwenye paa. Akagonga kibao cha dirisha kwa kidole, kikalia. Akagonga mlango, ukalia. Akaanza kucheka mpaka akavua miwani.

“Papa, hii si nyumba. Muko mulijenga kopo ya tomate! Champ inafika mpaka kwa bati, inarudi. Kule nje muko na yote, humu ndani hamuna kintu.”

Nikangoja mke wangu aseme. Alikuwa na haki ya kusema. Alikwisha kuniambia siku ya kwanza. Badala yake alikwenda kwenye kabati, akatoa kitambaa juu ya redio, akakikunja nne, akakiweka mkononi mwangu.

Basi hesabu yangu ilikuwa imekosea mahali pamoja tu. Nilipima uga wa kiwanja, nikasahau kwamba mimi nimekaa ndani ya kopo. Lakini sikujali tena. Nilikuwa nimempata. Posho ijayo mke wangu hangevuka barabara.

Posho ikafika. Sikuoka alasiri ile. Tanuri nililifagia mapema, likapoa. Niliitoa redio ya harusi nje, mchana kweupe, mbele ya kuku. Nikaiweka juu ya stuli. Nikaleta benchi letu, nikalipangusa. Nikalipangusa tena, kwa kitambaa kilekile cha kabati. Mke wangu akakaa na kitenge kile kizuri, na mimi nikajiambia, sasa kitenge kiko mahali pake. Redio ikasema, safi kama maji. Kule butike benchi lao lilikuwa na nafasi moja wazi, nikaiona kupitia matete, ikanifurahisha.

Nusu ya kipindi mvua ikaja. Si ile inayotoa habari kwanza, ilianguka tu. Tukakimbiza redio ndani. Ilipovuka mlango ikasema shhh.

Mke wangu akasimama katikati ya saluni. Bati lilikuwa linapiga kelele juu yetu. Akaangalia redio, akaangalia nje, kule ambako shiti la jirani lilikuwa limevimba kwa maji na chini yake watu wamekaa makavu, wanasikiliza. Nikaona mkono wake unakaza kitenge kiunoni.

“Ngoja,” nikasema. “Ngoja kwanza.”

Nikasogeza redio mpaka kizingitini. Nikavuta antena yote. Nikashika ncha yake, nikatoka mwenyewe mpaka nje ya paa, nikainua mkono mwingine juu. Mwili wa mtu nao ni waya, ukikosa waya mwingine. Mvua ikaniingia shingoni. Redio ikakohoa, ikasema.

“Hapo hapo!” mke wangu akapiga kelele. “Usitikisike!”

Sikutikisika. Nilisimama kama mtu anayezuia ukuta. Zikasomwa salamu za watu wa Mambasa, halafu sauti ile ya asali ikasema kwamba kijana mmoja anayechimba kupita Niania anamsalimia dada yake, mama wa mikate wa Shari, na kumwambia yuko mzima na mguu umekwisha kupona.

“Mguu gani?” mke wangu akauliza redio. “Mguu gani?” Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Nami nikafurahi, wallahi. Redio ikaendelea: anamsalimia pia yule jirani mwema mwenye butike, anayempa dada yake kiti kizuri kila posho…

Mkono ukashuka. Siwezi kusema nimeushusha. Ulisikia, ukashuka.

“…na shemeji yangu, yeye,” redio ikasema, kisha shhh, shhh, “…mkate,” shhh. Nilipouinua tena, walikuwa wamefika kwenye samaki wa Tchomia.

“Ulishusha!”

“Ni upepo.”

“Upepo njo inashikaka bega?” Akapangusa macho. “Walisema juu yako. Walisema nini?”

Sikujua. Na wakati uleule, kule chini ya shiti, benchi lote likapasuka kwa kicheko. Wakageuka kuangalia ua wangu. Wao walikuwa wamesikia kila neno.

Ningeweza kungoja. Mke wangu angeenda kuuliza, angerudi aniambie. Ndivyo habari zote za dunia zilivyonifikia. Lakini kumtuma yeye kwa yule bwana, siku ile, haikuwezekana. Nikachukua mfuko wa unga mtupu, nikaufunika kichwani, nikafungua lango, nikavuka barabara.

Yule bwana akanitazama, unga na maji vikinichuruzika usoni. Akatoka nyuma ya kaunta. Akachukua kitambaa begani, akapangusa benchi.

“Voisin, karibu! Kaa. Hapa sauti inafika muzuri.”

Nikakaa. Ni kweli, inafika.

“Redio ilisema nini juu yangu?”

Hakuwa na haraka. Alinimiminia chai kwanza. “Alisema hivi: na shemeji yangu, yeye asitoke tu, aikae pale pale, mukate isiungue.”

“Apana!” mwanamke mmoja akadakia. “Alisema, shemeji anitumie mukate, kule wanakulaka mihogo tu!”

“Mi nilisikia, mukate yake njo inanipatiaka mawazo ya nyumbani,” akasema mwingine, na yule bwana akacheka mpaka akashika kaunta. Kila mmoja akawa na salamu yake, na mpaka leo sijui ya kweli ni ipi. Chai ilikuwa ya moto. Ilikuwa na maziwa, yale yake. Nikamuuliza watoto wa Butembo wanakuja lini. Akanieleza kwa urefu, na nikasikiliza. Mwanamke aliyekaa karibu nami akasogea ili mvua isinifikie, akanipa upande wa kitenge chake nipanguse uso.

Ndipo niliposikia naitwa. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye ua, juu ya kitu fulani, anaonekana kutoka kifua kwenda juu, mvua inampiga.

“Baba watoto! Kuya! Mukate inaungua!”

Benchi lote liliangalia juu ya paa langu. Hakukuwa na moshi. Tanuri lilikuwa limepoa tangu asubuhi, na mimi na yeye tulilijua hilo vizuri.

Nikaweka kikombe chini, nikaaga, nikakimbia.